Kigwa haina shida ya miche, ina shida ya haki na elimu



Kila ikifika Aprili Mosi, siku ya upandaji miti kitaifa, picha tunaijua kabla haijapigwa. Kiongozi kavaa fulana mpya na kofia, kashika mche, kuna mtu pembeni na ndoo ya maji, wanafunzi wamepangwa mstari wanaimba. Mche unaingia shimoni, kamera zinalia, magari yanaondoka na vumbi lake. Kila halmashauri imepewa lengo la kupanda miti 1,500,000 kwa mwaka, kwa hiyo mwisho wa mwaka taarifa ni lazima ionyeshe namba hiyo au inayoikaribia. Sasa mimi nauliza swali moja tu: nani anarudi mwezi wa tisa, jua likiwa limekomaa, kuhesabu iliyobaki hai?

Nisieleweke vibaya. Sipingi kupanda miti, na mtu asije akaniambia upinzani unapinga hadi mche. Ninachosema ni kwamba kwa sisi wa Uyui, na hasa kata ya Kigwa, kupanda miche ndiyo sehemu rahisi kuliko zote, na ndiyo maana viongozi wameichagua. Sehemu ngumu ni mbili. Ya kwanza ni kumfundisha mtoto wa Kigwa msitu wake ni kitu gani, una nini ndani yake na unaishi vipi. Ya pili ni kumpa mzazi wa huyo mtoto mamlaka ya kweli juu ya msitu huo. Hizo mbili hazina picha nzuri ya kupiga, lakini bila hizo, hata tukipanda miche mpaka mlangoni mwa mkuu wa wilaya, tutabaki na shina zilizokauka na namba kwenye makabrasha.

Tuanze na msitu wenyewe. Msitu wetu unaitwa miombo. Neno hilo leo wanalitumia maprofesa wa Ulaya na Marekani katika vitabu vyao, lakini ni neno la kwetu, limetoka kwenye lugha zetu za Kibantu, jina la miti inayotawala msitu huu. Miombo inaanzia kwetu na kuteremka Zambia, Malawi, Msumbiji, Zimbabwe, kusini mwa Kongo mpaka Angola. Wataalamu wanakadiria ina aina takribani 8,500 za mimea, na zaidi ya nusu ya hizo hazipatikani kwingine popote duniani. Tanzania Bara peke yake, kwa mujibu wa tathmini ya misitu ya taifa iliyotolewa mwaka 2015, ina hekta milioni 48.1 za misitu, na sehemu kubwa kabisa ya hizo ni misitu ya aina hii yetu.

Mtu akipita na basi anaona miti tu, yote kama ile ile. Si ile ile. Kuna mtundu, kuna muba, kuna mninga, kuna mpingo, kuna mkola, kuna mbanga. Kuna mbula, mtonga, mkusu na mtalali ambayo kwa vizazi imekuwa akiba ya chakula mwezi ghala linapokuwa tupu. Kuna mti wa mpini, mti wa kinu, mti wa mzinga, mti wa dawa ya tumbo la mtoto, na mti ambao ukiuchomea ndani moshi wake unawatoa watu wote machozi. Huko ndiko kunakoitwa utajiri wa aina za mimea, jamani. Si maneno ya semina. Kila mti una kazi yake, na ukiondoka unaondoka na kazi yake.

Na ujuzi huu kwetu si mpya. Kigwa ilikuwa kwenye ramani kabla ya Dodoma kuwa mji. Njia kuu ya misafara ya kutoka Bagamoyo kwenda Ujiji ilipita Tura, ikapita Rubuga, ikapita Kigwa, ndipo ikaingia Unyanyembe, Tabora ya leo. Burton alipita njia hiyo mwaka 1857, Stanley akaipita mwaka 1871, na wote wawili wameitaja Kigwa kwa jina katika maandishi yao. Lakini waliobeba mizigo ile, pembe za ndovu, nguo, shanga na nyaya, walikuwa babu zetu Wanyamwezi. Mpagazi wa Kinyamwezi hakuwa na kitabu cha mimea, ila alijua kisima kiko karibu na mti gani, tunda gani linaliwa mwezi gani, jani gani linatuliza mguu uliovimba. Asingejua, asingefika. Leo tunaijenga historia ya njia ile kwa ajili ya watalii, na tangu 2006 iko kwenye orodha ya awali ya Tanzania kule UNESCO. Vizuri sana. Lakini msitu uliowalisha wapagazi hao tunauacha uishe bila hata kuandika majina ya miti yake.

Hapa ndipo nataka twende taratibu kidogo, maana hoja yangu yote imesimama kwenye jinsi miombo inavyoishi.

Miti mikuu ya miombo, kama mtundu na muba, haiishi peke yake. Mizizi yake imeshikana na kuvu walioko ardhini. Kuvu wanausaidia mti kupata chakula kwenye udongo wetu huu wa kichanga usio na rutuba nyingi, na mti unawapa kuvu sukari. Uyoga tunaouokota masika, ule ambao mama zetu wanaupanga kwenye mabeseni kando ya barabara, sehemu yake kubwa ndiyo matunda ya urafiki huo. Ukikata miti hiyo yote na kung'oa visiki, umekata na uyoga wako. Ukipanda mikaratusi mahali pale, utapata nguzo na kuni, na nyuki watapata maua kiasi chake, nakubali. Lakini uyoga uliouzoea hutauokota hapo, wala mbula, wala mtalali, wala dawa.

Jambo la pili: miombo inajua kurudi yenyewe. Ukikata mtundu na kuacha kisiki na mizizi yake, masika yanayofuata unatoa machipukizi. Yakitunzwa, yakapunguzwa yabaki machache yenye nguvu, msitu unarudi bila mtu kununua mche hata mmoja. Kinachoua machipukizi hayo ni moto wa mwishoni mwa kiangazi, mwezi wa tisa na wa kumi, nyasi zikiwa kavu kama karatasi. Kule Ndola, Zambia, walianza jaribio tangu mwaka 1933: kipande kimoja cha miombo kinachomwa mapema kila mwaka, kingine kinachomwa mwishoni mwa kiangazi, kingine kinalindwa moto usiingie kabisa. Kile cha moto wa mwishoni kilipoteza miti yake na kuelekea kuwa nyasi. Kile kilicholindwa kikawa msitu mnene. Mvua ile ile, udongo ule ule, tofauti ni moto tu.

Mfano wa karibu zaidi ni jirani zetu Shinyanga. Mkoa ule uliitwa jangwa. Mwaka 1986 serikali ilianzisha mradi wa HASHI, Hifadhi Ardhi Shinyanga, na kwa bahati nzuri wakakumbuka kuwauliza Wasukuma wenyewe. Wasukuma wakasema, sisi tuna ngitili: unatenga malisho, unayafunga masika, unayafungua kiangazi ng'ombe wanapokosa majani. Ngitili zilipopewa nafasi, eneo lililotunzwa likapanda kutoka hekta kama 600 mwaka 1986 hadi zaidi ya hekta 300,000 mwanzoni mwa miaka ya 2000. Sehemu kubwa ya miti ile haikupandwa na mtu. Ilikuwa ardhini inasubiri ruhusa.

Sasa rudi kwenye Aprili Mosi. Ikiwa msitu wetu unarudi kutoka kwenye visiki, na adui yake mkubwa baada ya shoka ni moto wa kiangazi, basi kipimo cha "miche iliyopandwa" hakipimi chochote cha maana kwa Kigwa. Kijiji kinaweza kupoteza msitu wa ekari mia mbili kwa moto na shoka, kikapanda miche elfu kumi kuzunguka shule na zahanati, na taarifa ikasoma "lengo limefikiwa kwa asilimia 100". Kwa nchi ambayo takwimu za serikali yenyewe zinasema inapoteza hekta zaidi ya 460,000 za misitu kwa mwaka, huo ni mchezo wa kuhesabu kinachoingia na kufumbia macho kinachotoka. Hata mwenye genge la nyanya hafanyi biashara namna hiyo.

Na kinatoka wapi? Tuseme ukweli hata kama unatugusa. Kwanza tumbaku. Mradi wa karanga wa Waingereza ulipoanguka mwaka 1951, Urambo ikageuzwa nchi ya tumbaku, na tumbaku ikaenea mkoa mzima. Tumbaku yetu ya mvuke haikauki kwa jua. Inakaushwa kwenye bani, na bani linakula kuni usiku na mchana kwa siku kadhaa mfululizo kwa kila mkupuo. Kuni hizo zinatoka miombo. Pili ni mkaa, kwa sababu miji yetu inapika kwa mkaa na gesi bado ni ghali kwa mama ntilie. Tatu ni mashamba mapya na mifugo inayohamia.

Mimi siwezi kumtukana mkulima wa tumbaku. Wengi wetu tumelipiwa ada kwa tumbaku, na kijijini kwetu msimu wa malipo ya AMCOS ndio msimu wa mabati na harusi. Wala sitamtukana kijana anayeendesha baiskeli na magunia mawili ya mkaa kilomita arobaini usiku. Binamu yangu mmoja alikamatwa hivyo, akanyang'anywa mkaa na baiskeli, akarudi kwa miguu. Mwenye lori lenye mkaa wa hadhi ya lori anapita mchana na karatasi zake zote. Ukiwa mwanafunzi wa sheria, mambo hayo mawili ukiyaweka meza moja unajiuliza sheria yenyewe inasemaje. Nikaenda kuisoma.

Sheria ya Misitu Na. 14 ya mwaka 2002, Sura ya 323, si mbaya. Nasema hivyo ingawa mimi ni mpinzani. Kifungu cha 3 kinataja malengo yake, na humo kuna kumshirikisha mwananchi katika kupanga, kusimamia na kutumia misitu, na kuna kukuza uelewa wa umma kwa mafunzo, utafiti na elimu. Kifungu cha 4 kinagawa misitu makundi manne: ya serikali kuu, ya serikali za mitaa, ya vijiji na ya watu binafsi. Kisha Sheria inatoa nafasi kwa kijiji kutenga Msitu wa Hifadhi wa Ardhi ya Kijiji. Halmashauri ya kijiji inapendekeza, mkutano mkuu wa kijiji unaamua, mipaka inawekwa, kamati inaundwa, mpango wa usimamizi na sheria ndogo zinaandikwa, msitu unasajiliwa. Ukishafika hapo, kijiji ndicho meneja. Kinapanga nani avune nini na kwa ada gani, na ada inaingia mfuko wa kijiji.

Hili si jambo dogo. Karibu nusu ya misitu ya Tanzania Bara iko kwenye ardhi ya vijiji. Ardhi hiyo inalindwa na Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Msitu ambao haukutengwa ni kama ng'ombe asiye na alama: anayemkuta kwanza ndiye wake. Lakini ule uliosajiliwa unakupa kiti mezani. Vijiji vya Kilwa vilitumia nafasi hii, na mwaka 2009 misitu yao ikapata cheti cha kimataifa cha FSC kwa mpingo unaovunwa kwa utaratibu, wa kwanza kwa misitu ya asili ya jamii barani Afrika. Vijiji vinane vya wilaya ya Tanganyika, mkoa wa Katavi, ambao ni miombo kama yetu na ni majirani zetu, leo vinapokea fedha za biashara ya kaboni kwa sababu vilikuwa na misitu yenye mipaka na karatasi. Asiye na karatasi, hata mnunuzi wa kaboni akija na nia njema, atamuuzia nini?

Tatizo linaanzia wapi? Linaanzia kwenye tabia ya serikali yetu ya kutoa kwa mkono wa kulia na kuchukua kwa mkono wa kushoto. Mwaka 2019 zilitangazwa Kanuni za uvunaji wa mazao ya misitu, Tangazo la Serikali Na. 417. Kanuni zile zilirudisha sehemu kubwa ya maamuzi ya uvunaji kwenye kamati za wilaya chini ya wakuu wa wilaya, hata pale ambapo kijiji kina msitu wake na mpango wake. Wadau wa misitu ya vijiji walilalamika, na walikuwa na haki. Darasani tunafundishwa somo la mwaka wa kwanza kabisa: kanuni ni mtoto, sheria iliyotungwa na Bunge ni mama. Mtoto hawezi kumpora mama yake. Ikiwa Bunge limesema kijiji ndicho meneja, waziri hawezi kwa saini yake kumgeuza meneja kuwa mwombaji. Na mkuu wa wilaya, tukumbushane, hachaguliwi na mtu yeyote wa Kigwa. Anateuliwa. Mwenyekiti wa kijiji, pamoja na kasoro zote za chaguzi zetu, angalau unajua nyumba yake iko wapi.

Ndiyo maana nasema suala la msitu ni suala la mageuzi. Mtu asikudanganye kwamba Katiba inahusu tume ya uchaguzi peke yake. Ibara ya 27 inampa kila mtu wajibu wa kulinda maliasili ya nchi. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004, kifungu cha 4, inampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, na kifungu cha 5 kinamruhusu kwenda mahakamani kuidai. Na hata kabla ya sheria hiyo kuwepo, wakazi wa Kunduchi Mtongani walishaonyesha njia. Mwaka 1991 Festo Balegele na wenzake waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam kwa kuwamwagia taka za jiji zima. Mahakama Kuu ikasema kuhatarisha maisha ya watu namna ile ni kugusa haki ya kuishi iliyo kwenye ibara ya 14. Watu wa kawaida, si wanasheria. Walijua kilichokuwa kinawaua na walijua pa kwenda.

Neno "walijua" ndilo linanirudisha kwenye elimu.

Sheria nzuri kwa mtu asiyejua msitu wake ni kama bunduki kwa asiyejua risasi zinawekwa wapi. Nenda leo shule yoyote ya msingi huku kwetu, muulize mtoto wa darasa la sita akutajie miti kumi ya porini anayoiona kila siku akienda shule. Atakutajia mwembe, mpera, mkaratusi na mwarobaini. Hiyo yote ni wageni! Mimi mwenyewe nilisoma hivyo hivyo. Tulichorewa ubaoni mti wenye mizizi, shina, matawi na majani, tukaunakili, tukapata vema. Mti ule haukuwa na jina. Nje ya dirisha kulikuwa na miba, mitundu na mibanga, hakuna aliyetutoa nje kuiona.

Mtaala mpya ulioanza 2024 umeweka somo la Jiografia na Mazingira tangu darasa la tatu. Naliunga mkono, kabisa. Ila kitabu kinachoandikwa Dar es Salaam kwa nchi nzima hakiwezi kumfundisha mtoto wa Kigwa miombo, mtoto wa Lushoto msitu wa mlimani na mtoto wa Mafia mikoko, vyote kwa undani. Hiyo ni kazi ya mwalimu na kijiji. Na kijijini walimu wapo, hawana vyeti tu. Kuna mzee mfuga nyuki jirani na kwa bibi yangu, ukimuuliza kwa nini ameweka mzinga mahali fulani, anakupa mhadhara wa saa nzima: mtundu unachanua lini, muba unafuatia lini, asali ya mwezi gani ni nyeupe na ya mwezi gani ni nyekundu, na kwa nini mzinga wa gome una hasara, maana ukishauvua mti gome lake pande zote umeuua. Nilimuuliza, babu, shule imewahi kukuita? Akacheka. "Shule inaniita kwenye michango, mjukuu wangu."

Mkoa wa Tabora una Chuo cha Ufugaji Nyuki. Una kituo cha utafiti wa kilimo cha Tumbi, ambako watafiti wamewahi kufanya kazi ya kuotesha matunda yetu ya porini kama mtonga na mtalali, na kujaribu mashamba ya miti inayokua haraka ili bani lisile miombo. Maarifa yapo kilomita chache kutoka kwetu. Hayajafika darasani, na hayajafika kwenye mkutano wa kijiji. Huo si umaskini wa fedha. Kumtoa mzee mmoja nyumbani kwake mara mbili kwa mwezi akatembee na watoto porini kunagharimu nini? Chai na andazi.

Najua majibu yanayokuja. La kwanza: "Elimu ya miti haishibishi." Inashibisha. Asali ya Tabora ina jina nchi nzima, uyoga unauzwa, matunda yanauzwa, na mninga mmoja uliokomaa una thamani kuliko gunia nyingi za mkaa. Lakini mninga unahitaji miongo mingi kukomaa. Anayeukata ukiwa mwembamba kama paja ili auchome mkaa hajui alichokata, au anajua ila hana uhakika kama kesho utakuwa wake. La kwanza linatibiwa na elimu, la pili linatibiwa na haki. Ndiyo maana siwezi kuzitenganisha.

La pili: "Ukiwapa wanakijiji msitu, wataumaliza wenyewe." Hili nalisikia sana kutoka kwa watu wenye ofisi. Kuna vijiji vilivyoshindwa, sikatai, na kuna viongozi wa vijiji wanaouza miti usiku. Lakini mbona msitu wa serikali ukivamiwa hatusemi serikali inyang'anywe? Kwetu tuna msitu wa hifadhi wa Kigwa-Rubuga. Mwananchi anayekaa pembeni yake anauona kama mali ya watu wenye sare. Moto ukiwaka ndani, si wake. Mtu akiingia na msumeno, si kazi yake kumtaja. Ulinzi wa bunduki chache kwenye pori kubwa hauwezi kushindana na macho ya kijiji kizima chenye faida yake humo. Sheria inaruhusu mikataba ya usimamizi wa pamoja kati ya serikali na vijiji vinavyopakana na hifadhi. Kilichokwamisha mikataba hiyo kwa miaka ni swali moja tu: kijiji kinapata mgawo gani? Jibu likiwa "mtapata kuni kavu na shukrani," msitegemee mlinzi.

La tatu: "Acheni tumbaku basi." Rahisi kusema ukiwa Dar. Mkulima ataacha tumbaku akipata zao linalolipa. Mpaka siku hiyo ifike, bani bora linalotumia kuni chache na shamba la miti ya kuni kwa kila mkulima liwe jukumu la wote wanaonufaika na tumbaku, makampuni yakiwa mbele, maana faida kubwa haibaki Kigwa. Siyo haki gharama ya msitu ikatwe kwenye kilo za mkulima peke yake.

Sasa tufanye nini sisi vijana? Nina mambo manne, yote yanawezekana bila kusubiri kushika dola.

Moja, twendeni kwenye mikutano mikuu ya vijiji. Sheria inataka ifanyike walau kila miezi mitatu. Tuulize kwa adabu lakini tusikae chini bila jibu: kijiji hiki kimetenga msitu? Mipaka yake iko wapi? Umesajiliwa? Sheria ndogo ziko wapi tuzisome? Fedha za faini na ada za mwaka jana zimeingia mfuko gani? Kama msitu haujatengwa, tutoe hoja utengwe, iingie kwenye muhtasari. Asiyesema mkutanoni asilalamike kijiweni.

Mbili, kila tawi letu la vijana liandike daftari la miti ya kijiji chake. Jina la Kinyamwezi, jina la Kiswahili, kazi yake, mwezi wa maua, mwezi wa matunda, mahali ulipobaki. Tukae na wazee na bibi zetu wakiwa bado wapo. Nakala moja ibaki kijijini, nyingine tuipeleke shuleni bure. Hata mwalimu wa chama kile kingine ataipokea, mti hauna kadi.

Tatu, tudai kipimo kibadilike. Halmashauri isiripoti miche iliyopandwa, iripoti miti iliyo hai baada ya kiangazi cha tatu, ya aina gani, na ekari ngapi za visiki zimelindwa dhidi ya moto. Madiwani wetu, pale tulipo nao, waiingize hoja hii kwenye baraza. Pale ambapo hatuna, tumpelekee diwani aliyepo. Akikataa, wananchi wajue amekataa nini.

Nne, sisi tunaosoma sheria tuache kuifanya sheria siri ya mjini. Likizo moja inatosha kukaa na halmashauri ya kijiji mkapitia pamoja Sheria ya Misitu kifungu kwa kifungu, kwa Kiswahili cha kawaida, na kuandika rasimu ya sheria ndogo. Mimi kwa upande wangu likizo hii nimejipangia vijiji vya kata ya Kigwa. Mwenye pikipiki na moyo, tuandikiane. Na chama chetu nacho kiseme wazi kwenye ilani: kanuni zinazoupora mkutano mkuu wa kijiji mamlaka uliyopewa na Bunge zifutwe.

Mwezi wa tisa ukifika, kabla hata tone la mvua halijadondoka, miombo inaanza kutoa majani mapya mekundu, nchi nzima inakuwa kama inawaka bila moto. Mti unatumia akiba ya chini ardhini kujiandaa na mvua ambayo haijaja. Na sisi mkutano ujao wa kijiji usitukute tumekaa. Twende na daftari, twende na nakala ya Sheria.